Kache ya safu kwenye jedwali linaloandikwa kila sekunde 10: bosi asinunue RAM kwanza

Swali

Shikamoo mwalimu. Natunza kanzidata ya kampuni inayofuatilia malori ya mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma, Rusumo na hadi Kasumbalesa. Tuna malori 3,000, kila moja lina kifaa cha GPS kinachotuma taarifa kila baada ya sekunde 10. Tunatumia kanzidata ya Cassandra 3.11 kwenye nodi (seva) tatu, na kila data ina nakala tatu, moja kwa kila nodi. Jedwali ni moja tu. Ufunguo wa patisheni, yaani fungu la safu zinazotunzwa pamoja, ni namba ya gari pamoja na tarehe, na ndani yake safu zimepangwa kwa saa, ya mwisho ikiwa juu. Jina la dereva, mteja na namba ya kontena vimo humohumo kama safuwima tuli, yaani thamani moja kwa patisheni nzima. Wateja na mawakala wa forodha hufungua ukurasa kuona gari lilipo. Kwa wastani kila gari huulizwa mara moja kwa dakika, na tunasoma kwa kiwango cha ONE, yaani jibu la nodi moja linatosha. Ili kuharakisha mambo niliwasha kache ya safu, yaani memori inayotunza safu zilizokwisha kusomwa, gigabaiti 2 kwa kila nodi, na kwenye jedwali nikaweka `rows_per_partition` kuwa ALL, yaani itunze safu zote za patisheni. Matokeo yake asubuhi ukurasa unafunguka vizuri, jioni unasuasua, na kama saa tisa usiku unapona ghafla. Amri ya `nodetool info` inaonyesha kiwango cha kupata cha 0.04, yaani maswali 4 tu kati ya 100 yanakuta jibu kwenye kache. Nimepandisha kache hadi gigabaiti 4, hakuna kilichobadilika. Bosi yuko tayari kununua RAM. Anunue?

Jibu

Marahaba. Mwambie bosi asubiri, hela hiyo ina kazi nyingine. Tatizo lako halihusiani na ukubwa wa kache. Linahusu jambo ambalo wengi hatuliulizi tunapoiwasha: safu ikiandikwa, ile nakala iliyomo kwenye kache inafanywa nini?

Chukua lori moja. Mteja anauliza liko wapi. Nodi inachungulia kwenye kache ya safu, haikuti kitu. Inakwenda kwenye jedwali lililo kwenye memori, inakwenda kwenye faili za SSTable zilizoko diskini, inaunganisha vipande, inarudisha jibu. Kabla ya kumaliza inafungasha nakala ya patisheni kuwa baiti na kuiweka kwenye kache, nje ya hipu ya Java (memori inayosimamiwa na Java yenyewe). Akiuliza mwingine sekunde mbili baadaye, anaikuta pale. Mpaka hapo kila mtu anafurahi.

Sasa kifaa cha lori kinatuma taarifa mpya. Cassandra inaiandika kwenye logi, inaiandika kwenye jedwali la memori, halafu inaondoa nakala ya patisheni hiyo kwenye kache. Hairekebishi chochote ndani yake, inaitupa nzima. Umeandika safu moja yenye latitudo, longitudo na mwendo, lakini kilichotupwa ni safu zote za gari hilo za siku hiyo, pamoja na jina la dereva na namba ya kontena ambavyo havijabadilika tangu lori litoke getini. Anayeuliza baada ya hapo anaanza safari ya diskini upya.

Utajiuliza kwa nini wasiirekebishe tu. Matoleo ya zamani ya Cassandra yalikuwa na aina ya kache iliyokaa ndani ya hipu na kurekebishwa palepale. Ilikuwa na shida yake: hipu ilijaa vitu, na Java ikawa inasimamisha kazi kila mara ili kuzoa taka. Ndipo kache ikahamishiwa nje ya hipu. Lakini nje ya hipu kilichopo ni baiti zilizofungashwa. Kurekebisha safu moja humo kungemaanisha kufungua furushi lote, kuingiza kipya na kulifunga tena, kwa kila andiko. Kanzidata hii ilitengenezwa ili kuandika kuwe rahisi sana. Hawakuwa tayari kuipa njia ya kuandika mzigo huo kwa ajili ya msomaji ambaye huenda asije. Kutupa ni bei nafuu. Mimi naona walichagua sawa, mradi anayeiwasha ajue walichochagua.

Hesabu yake unaweza kuifanya kwenye karatasi. Kache inayotupa nakala kila ikiandikwa ina sharti moja tu la kufanikiwa: tukio la mwisho lililoigusa patisheni hiyo, kwenye nodi hiyo, liwe lilikuwa kusoma. Kama lilikuwa kuandika, umekosa. Kwa hiyo, matukio yakija bila mpangilio maalumu, uwezekano wa kupata ni idadi ya kusoma ukiigawa kwa jumla ya kusoma na kuandika. Memori haimo kabisa kwenye hesabu hiyo. Unaweza kuwa na terabaiti moja na jibu likabaki lilelile.

Gari lako moja huandikwa mara 6 kwa dakika na husomwa mara 1. Mtu angesema haraka: 1 kwa 7, asilimia 14. Lakini una nodi tatu na nakala tatu, na hapa ndipo wengi hupotea. Unaposoma kwa ONE, swali linakwenda kwenye nodi moja kati ya tatu, kwa hiyo kila nodi hupata wastani wa theluthi ya swali kwa dakika. Maandiko hayagawanyiki namna hiyo. Kila andiko linafika kwenye nodi zote tatu, na linafuta nakala kwenye kache zote tatu. Kwa nodi moja, basi, ni theluthi moja ya kusoma dhidi ya maandiko 6. Hiyo ni 1 kwa 19, kama asilimia 5.

Wewe umeona 4. Tofauti hiyo nayo ina sababu. Vifaa vyako haviandiki kiholela, vinaandika kwa mapigo ya sekunde 10. Mapigo yakiwa sawasawa kabisa, hakuna ile bahati ya kupata dakika nzima ya ukimya ambamo wasomaji kadhaa wangefaidi nakala moja, na kiwango kinashuka hadi karibu nusu ya ile asilimia 5. Lakini malori yako yanapoteza mtandao njiani, yananyamaza, halafu yanamwaga taarifa kwa mkupuo. Ukimya huo unawapa wasomaji nafasi. Ndiyo maana namba yako imekaa katikati. Sioni hitilafu kwenye mashine. Kache yako inafanya kazi vizuri kabisa kwa namna ilivyoundwa.

Mtu akikushauri usome kwa QUORUM badala ya ONE, kiwango kitapanda kidogo, maana kila swali litafika kwenye nodi mbili. Usidanganyike na namba hiyo. Kwa QUORUM jibu linangoja nodi iliyochelewa zaidi kati ya hizo mbili, kwa hiyo inabidi zote mbili ziwe na nakala ndipo mteja aone tofauti.

Sasa tuje kwenye lile la asubuhi na jioni, ambalo kwangu ndilo kiini cha barua yako.

Kukosa asilimia 96 ya mara hakutoshi kueleza kwa nini mambo yamekuwa mabaya kuliko kabla ya kuwasha kache. Kukosa tu kungekurudisha ulipokuwa. Kilichokuharibia ni ule ALL. Ukurasa wako unaomba safu moja, ile ya juu, iliyo mpya kuliko zote. Bila kache, Cassandra ingesoma kichwa cha patisheni na kuishia hapo. Lakini ulipoiambia itunze safu zote, uliiambia pia kwamba kila ikikosa isome patisheni nzima ili iweze kuitunza. Mteja anaomba kikombe cha maji, nodi inakwenda kisimani na pipa.

Pipa hilo lina ukubwa gani? Sekunde 10 kwa kila taarifa ni safu 360 kwa saa. Tarehe kwenye ufunguo wako, naamini, inahesabiwa kwa saa za UTC, maana umeniambia mambo yanapona saa tisa usiku, na saa tisa usiku kwetu ndiyo saa sita ya usiku ya UTC. Patisheni mpya inaanza ikiwa tupu. Wateja wako hawakulala saa tisa. Wengi walishalala tangu saa nne. Kilichopona ni urefu wa patisheni. Saa tatu asubuhi ina safu 2,160. Saa kumi na mbili jioni ina safu 5,400. Kabla tu ya kuanza upya inafika 8,640. Kila saa inayopita, kukosa kunakuwa ghali zaidi, na wewe unakosa karibu kila mara.

Weka namba nyingine juu yake. Magari 3,000 kwa swali moja kwa dakika ni maswali 50 kwa sekunde, kama 17 kwa kila nodi. Toa yale machache yaliyopatikana, yanabaki kama 16 yaliyokosa. Saa kumi na mbili jioni, nodi moja inasoma safu zipatazo 86,400 kila sekunde ili kujibu maswali 16 yanayohitaji safu 16. Kisha inazifungasha, inaziweka kwenye kache, na ndani ya sekunde chache inazitupa. Kazi ya kufungasha inafanyika kwenye prosesa na inaacha taka kwenye hipu, hata kama furushi lenyewe linakaa nje. Na lile swali la 17 lililobahatika kupata nalo halikupita bure: furushi likikutwa kwenye kache, linafunguliwa lote ndipo safu moja itolewe.

Kwa nini gigabaiti 4 hazikuleta tofauti na gigabaiti 2? Tazama mstari uleule wa `nodetool info` ulikosoma 0.04. Mbele kidogo kuna idadi ya vilivyomo na ukubwa unaotumika. Chukulia safu moja ni baiti 100. Patisheni ya jioni ni kama kilobaiti 540. Nodi inaingiza 16 kwa sekunde, na kila moja inaishi wastani wa sekunde 5 kabla ya kifaa kuandika tena. Maana yake ndani ya kache kuna patisheni themanini hivi kwa wakati wowote, kama megabaiti 43. Gigabaiti zako zilizobaki ziko wazi. Umejenga ghala la kuhifadhi barafu ya mchana.

Nilishawahi kuangukia shimo hilihili, ila lilikuwa la MySQL. Miaka hiyo MySQL ilikuwa na kache ya maswali, iliyotunza matokeo ya SELECT kama yalivyo. Jedwali likiandikwa hata safu moja, matokeo yote yaliyogusa jedwali hilo yalifutwa, hata kama safu iliyoandikwa haikuwahusu. Kulikuwa na jedwali la miamala ya vocha lililoandikwa usiku na mchana, nami kwa ujana wangu nikaipa kache hiyo memori mara nne. Mashine ikawa nzito zaidi, kwa sababu kila andiko sasa lilikuwa na matokeo mengi zaidi ya kufuta, na kufuta huko kulishikilia kufuli moja lililosubiriwa na wote. Watengenezaji wenyewe waliiondoa kabisa kwenye MySQL 8.0 mwaka 2018. Tangu hapo, mtu akinitajia kache yoyote, swali langu la kwanza ni hilohilo nililokuuliza mwanzo.

Siyo kila kache inatupa, na tofauti hiyo inafaa uione. InnoDB, injini ya kuhifadhi data ndani ya MySQL hiyohiyo, ina eneo la memori linalotunza kurasa za kilobaiti 16. Safu ikiandikwa, ukurasa wake unarekebishwa palepale kwenye memori, unawekwa alama kwamba haujafika diskini, na andiko linalindwa na logi. Msomaji anayefuata anaukuta ukiwa mpya. Kuandika hapo kunaupasha ukurasa moto badala ya kuufukuza. PostgreSQL nayo inafanya kwa kurasa za kilobaiti 8, haina kache ya safu kabisa na haijaikosa. ScyllaDB, ambayo inaongea lugha moja na Cassandra, ina kache ya safu isiyofuata njia hii: jedwali la memori linapomwagwa diskini, yaliyomo yanaunganishwa na yale yaliyo kwenye kache. Kwa hiyo ushauri unaousoma kuhusu moja usiupeleke kwa nyingine kwa sababu tu jina ni lilelile. Na tafadhali usikimbilie kuhama kanzidata kwa ajili ya maandiko 300 kwa sekunde. Hicho ni kiasi kidogo. Nodi zako zingekibeba zikiwa zinasinzia, kama tusingezitwisha lile pipa.

Sasa la kufanya. Leo hii, kabla hujagusa kingine, zima kache kwenye jedwali hilo:

`ALTER TABLE ufuatiliaji.mwendo WITH caching = {'keys': 'ALL', 'rows_per_partition': 'NONE'};`

Badilisha majina yawe ya kwako. Kache ya funguo iache ikiwa imewashwa. Hiyo haitunzi data. Inatunza mahali ufunguo ulipo ndani ya faili ya SSTable, na kwa kuwa faili hizo zikishaandikwa hazibadilishwi, andiko jipya haliiharibu. Ndiyo maana Cassandra huja na kache ya funguo ikiwa imewashwa na ya safu ikiwa sifuri. Waliosuka chaguo-msingi hilo walikuwa na sababu. Kisha ngoja saa kumi na mbili jioni uangalie muda wa kusoma. Ukiwa umeshuka na umelingana na wa asubuhi, tumekubaliana kuhusu ugonjwa.

Kuna njia ya kati ambayo utaisoma mahali: kuweka `rows_per_partition` kuwa 1. Kwa kuwa safu yako mpya iko juu, kukosa kutakuwa rahisi, kusoma safu moja tu. Kweli, pipa litaondoka. Lakini nakala bado itatupwa kila sekunde 10, na bado utapata asilimia 4. Utakuwa umelipa gharama ndogo ili usipate kitu.

Linalofuata ni kuligawa jedwali, na hapa nakuomba usiwe mvivu. Umechanganya vitu vitatu vyenye mwendo tofauti. Dereva, mteja na kontena hubadilika labda mara moja kwa wiki. Mahali gari lilipo sasa hubadilika kila sekunde 10, ila thamani inayohitajika ni moja tu. Historia ya safari inaongezeka tu, haibadiliki, na ni wachache wanaoiuliza. Vikiwa kwenye patisheni moja, kile chenye mwendo mkali kinaamua hatima ya vyote.

Toa taarifa za usajili ziwe na jedwali lake, ufunguo namba ya gari. Hapo kache ya safu inaleta maana. Rudia hesabu: theluthi ya kusoma kwa dakika kwa kila nodi dhidi ya andiko moja kwa dakika 10,080 za wiki. Utapata zaidi ya asilimia 99.9. Na ukubwa wake? Magari 3,000 kwa kilobaiti 2, tuseme, ni megabaiti 6. Ipe kache megabaiti 64 na usifikirie tena. Nikuambie ukweli lakini: megabaiti 6 zinazosomwa kila mara zitakuwa zimekaa kwenye memori ya mfumo endeshi tayari, hata bila kache ya Cassandra, na programu yako yenyewe inaweza kuzishika. Faida utakayoona ni ndogo. Mimi ningeiacha imezimwa hata hapo mpaka vipimo viniombe.

Mahali gari lilipo sasa lipe jedwali la pili: ufunguo namba ya gari peke yake, safu moja kwa kila gari, inaandikwa juu yake yenyewe. Safu 3,000 ndogo. Kipande kipya kuliko vyote kitakuwa kwenye jedwali la memori muda wote, kwa sababu ndiyo kwanza kimeandikwa. Watu husahau hili: kwenye kanzidata ya aina hii, data inayoandikwa mara kwa mara ina makao yake kwenye memori bila kuombewa kache. Kinachoweza kukuchelewesha ni vipande vya zamani vya safu hiyohiyo vilivyotawanyika kwenye faili nyingi za SSTable, endapo Cassandra italazimika kuvipitia. Tumia `nodetool tablehistograms` uone ni faili ngapi zinaguswa kwa kusoma kumoja. Ikiwa ni moja au mbili, tulia. Ikiwa ni nyingi, ndipo tuzungumze kuhusu mkakati wa kuunganisha faili wa ngazi kwa ngazi. Kwa safu 3,000 sitarajii ufike huko. Kwa milioni 30 ningekuambia vingine.

Historia ibaki pale ilipo, bila kache, na ikiwezekana tarehe ya ufunguo ifuate saa za Afrika Mashariki ili ripoti ya siku isiwe inachota patisheni mbili.

Najua kuna mtu ofisini kwenu atasema, kwa nini tusiweke Redis (hifadhi ya data inayokaa kwenye memori) mbele tumalize? Inawezekana, na kwa mahali gari lilipo sasa ni chaguo zuri. Ila ukiiweka kwa desturi ya wengi, yaani kuandika kwenye kanzidata na kufuta kwenye Redis, utakuwa umehamisha tatizo lako lote kwenye seva nyingine: hesabu ni ileile, isipokuwa safari hii hakuna nakala tatu za kugawana maswali. Tena kuna mtego ambao kache ya ndani ya Cassandra imeuziba na wewe utaufungua. Msomaji anakosa kwenye Redis, anasoma thamani ya zamani kwenye kanzidata. Kabla hajaiweka, mwandishi anaandika mpya na kufuta Redis. Kisha msomaji, asiyejua kilichopita, anaiweka ile ya zamani. Gari linaonekana Mikumi wakati limeshapita Ruaha Mbuyuni, na linabaki hivyo mpaka muda wa nakala uishe. Cassandra inapokosa huweka kwanza alama kwenye kache, na nakala inaingizwa tu kama alama ileile bado ipo. Andiko likipita katikati linaing'oa alama, na msomaji anaambulia kulirudisha jibu bila kulitunza. Facebook walikutana na jambo hilihili kwenye kache yao ya memcached, na wakaeleza mwaka 2013 jinsi walivyolitatua kwa kumpa msomaji aliyekosa tokeni ambayo hubatilika ufunguo huo ukifutwa.

Kwa hali yako, usifute. Huduma inayopokea taarifa za GPS iandike Cassandra, na palepale iiandike thamani mpya Redis. Wasomaji wasome tu, wasiingize chochote. Kiwango cha kupata kitakuwa karibu asilimia 100 hata kifaa kikituma kila sekunde moja, kwa sababu andiko sasa linaleta nakala badala ya kuifukuza.

Lakini hapo kuna jambo la mpangilio. Lori lililopoteza mtandao likirudi, linamwaga taarifa za nusu saa zilizopita, pengine pamoja na ile ya sasa, na hazifiki kwa mfuatano. Ukiandika Redis kila kinachoingia, gari litarudi nyuma kwenye ramani. Linganisha saa ya kifaa na iliyopo kabla ya kuandika, na ufanye ulinganisho huo ndani ya Redis kwa skripti fupi ili huduma mbili zisipishane. Kwa Cassandra, kwenye lile jedwali la safu moja, weka saa ya kifaa kwa `USING TIMESTAMP`, ikiwa kwenye mikrosekunde. Andiko lenye saa ya zamani likichelewa kufika halitalishinda jipya.

Na kabla ya kuiamini saa ya kifaa, ikague mlangoni. Kikitokea kimoja ambacho saa yake imeruka hadi mwaka ujao, safu yake itaandikwa na muhuri wa mwaka ujao, na kila andiko sahihi litakalofuata litapokelewa bila kulalamika kisha lisionekane. Hata kuifuta kwa kawaida hakutasaidia, maana DELETE yako nayo itakuwa na saa ya leo. Kataa taarifa yoyote iliyotangulia saa ya seva kwa zaidi ya dakika moja au mbili, na uandike namba ya gari hilo pembeni ili fundi alishughulikie likirudi yadi.